Chuma Kilichojifanya Jiwe: Tathmini ya Jengo la Haughwout, New York

Mara kwa mara katika mijadala ya vijana wetu vyuoni huzuka hoja juu ya majengo ambayo historia imetuachia kutoka zama za mabepari na wakoloni. Upande mmoja hushika kofia mkononi na kustaajabu: tazameni ustadi, tazameni akili za watu wale. Upande wa pili, ambao hujiona kuwa ndio wa kimapinduzi zaidi, husema kwamba jengo la mnyonyaji ni unyonyaji mtupu, na kwamba kulisoma ni kupoteza wakati wa umma. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja. Wote wanalitazama jengo kama kitu kilichoshuka kimekamilika, kisha wanagombana kama kikubaliwe au kikataliwe. Hakuna anayeuliza lilitengenezwaje, kwa mikono ya nani, na kwa faida ya nani.

Tumechagua makusudi jengo la mbali, ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelipenda kwa ajili ya babu yake aliyelijenga, wala atakayelichukia kwa ajili ya babu yake aliyechapwa viboko mlangoni pake. Ni jengo la Haughwout, lililopo pembeni mwa njia mbili za mji wa New York, Broadway na Broome. Lilijengwa mwaka 1857, katika zama ambazo Waingereza huziita kwa jina la malkia wao Victoria, na ambazo Wamarekani, ingawa walikuwa wamekwisha kumfukuza mfalme wa Uingereza miaka mingi nyuma, nao huziita hivyo hivyo. Lina ghorofa tano na urefu wa karibu mita 24. Mwenye duka aliitwa Eder V. Haughwout, mfanyabiashara wa vyombo vya kaure, fedha, vioo na taa za kuning'iniza za majumba ya matajiri. Mchora ramani alikuwa John P. Gaynor. Chuma kilitoka katika kiwanda cha Daniel D. Badger, mmoja wa wenye viwanda wakubwa wa kazi hiyo mjini humo.

Anayesimama Broadway na kulitazama huona jumba la mawe la Kiitalia. Huona nguzo zenye mifereji, matao, vichwa vya nguzo vilivyochongwa majani, na vizuizi vya roshani. Mfano wake umechukuliwa kutoka maktaba ya Venice, aliyoianza Sansovino mwaka 1537. Lakini akilisogelea na kuligonga kwa ufunguo, litamjibu kwa sauti ya sufuria. Nyuso zote mbili za jengo hilo, ule wa Broadway na ule wa Broome, ni za chuma cha kusubu. Ni vipande vilivyomiminwa katika kalibu, vikachukuliwa kwa magari ya farasi, vikafungwa kwa bolti, vikapakwa rangi.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wananadharia wengi huruka hatua hii na kuanza kutaja matabaka kabla hawajajua tabaka hilo lilikuwa likifanya nini asubuhi. Fundi seremala huchonga kielelezo cha mbao chenye umbo la kipande kinachotakiwa, tuseme nguzo au tao. Fundi wa kalibu hushindilia mchanga wenye unyevu kukizunguka kielelezo kile, kisha hukitoa polepole ili mchanga usibomoke, na shimo linalobaki ndilo umbo la nguzo. Humo humiminwa chuma kilichoyeyushwa. Kikipoa, kalibu huvunjwa, kipande husafishwa na kupigwa tupa, halafu kazi huanza tena kwa mchanga mwingine na kielelezo kile kile. Hapo ndipo siri ya faida ilipo. Mchonga mawe akichonga majani ya kichwa cha nguzo kwa siku nyingi, kichwa cha pili nacho kitamchukua siku nyingi. Lakini seremala akikwisha kuchonga kielelezo kimoja, kichwa cha mia huhitaji mchanga, chuma na jasho la fundi wa kalibu tu.

Hesabu ya jengo la Haughwout yaonyesha jambo hili waziwazi. Upande wa Broadway una madirisha matano kwa kila ghorofa. Upande wa Broome una kumi na manane. Kwa ghorofa nne za juu, tao lile lile, pamoja na nguzo zake ndogo mbili na nguzo zake kubwa za ubavuni, limerudiwa mara 92. Sansovino angeshtuka. Yeye alikuwa akipamba maktaba ya dola kwa mikono ya wachonga mawe. Huku umbo lake limekuwa bidhaa inayotolewa kwa wingi, kama sahani zilizouzwa ndani ya duka lenyewe. Badger alifikia hata kuchapisha, mwaka 1865, kitabu cha picha za bidhaa zake, ili mteja achague uso wa jengo kama anavyochagua kitambaa. Chuma chake kilisafirishwa kwa meli hadi Cuba na Misri.

Sasa tufike kwenye tathmini. Wahakiki wengi wa karne ya 19 waliobobea katika sanaa walilikebehi jambo hili. Walisema chuma kinachojifanya jiwe ni uongo, na uongo hauwezi kuwa mzuri. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na hatuna budi kuikiri. Kwa nini nguvu mpya za uzalishaji zilijifunika vazi la kale? Kwa sababu tabaka lililozimiliki lilikuwa bado linaona haya mbele ya makabaila wa Ulaya. Mfanyabiashara wa vyombo hakutaka wateja wake waone kiwanda. Alitaka waone ikulu ya Venice, mji wa wafanyabiashara waliokwisha kujifanya wakuu. Teknolojia ilikuwa ya mwaka 1857, na fikra ilikuwa ya mwaka 1537. Mgongano baina ya msingi na itikadi, ambao wanafunzi wetu hukariri katika vitabu, hapa unaweza kupigwa picha.

Lakini wahakiki wale waliishia hapo, na sisi hatuwezi kuishia hapo. Litazameni jengo tena. Nguzo ya jiwe lazima iwe nene ili ibebe mzigo wake. Chuma cha kusubu hubeba mzigo unaokikandamiza kwa unene mdogo sana, na kwa hiyo nguzo za Haughwout ni nyembamba kuliko za Venice, na nafasi iliyookolewa imejazwa kioo. Katika mji ambao taa zake zilikuwa za gesi na mafuta, mwanga wa jua ulikuwa zana ya kazi. Haughwout alinunua kaure nyeupe kutoka Ufaransa, na mafundi wake wakaipaka rangi na dhahabu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki gizani. Kule kurudia umbo moja mara 92, ambako wahakiki walikuona kuwa umaskini wa fikra, ndiko kunakolipa jengo utulivu wake. Linakwenda kwa hatua sawa kutoka pembe moja hadi nyingine kama gwaride lisilo na afisa. Ni uzuri wa kazi ya pamoja inayorudiwa, na uzuri wa namna hiyo haukuwahi kuonekana kabla ya kiwanda. Sisi tunasema jengo hili ni zuri, na tunasema hivyo bila kuomba radhi kwa mtu. Gaynor alistahili sehemu yake ya sifa. Tunachokataa ni kumpa sehemu yote.

Majina ya mafundi wa kalibu hayakuandikwa popote ukutani, ingawa viwanda vilikuwa na desturi ya kusubu jina la mwenye kiwanda chini ya nguzo ili wapita njia walisome. Hata hivyo mafundi hao hawakuwa umati usio na sauti. Miaka miwili tu baada ya jengo kukamilika, mwaka 1859, mafundi wa kalibu kutoka miji mbalimbali ya Marekani walikutana Philadelphia wakaunda chama chao cha kitaifa. Kiongozi wao mashuhuri, William Sylvis, mwenyewe fundi wa kalibu, ndiye baadaye, mwaka 1866, alishiriki kuanzisha Umoja wa Kitaifa wa Wafanyakazi, uliodai siku ya kazi iwe ya saa nane. Historia za sanaa zikieleza chuma cha kusubu huwataja Badger na mshindani wake Bogardus. Sylvis huachiwa historia za vyama vya wafanyakazi. Ugawaji huu wa vitabu katika makabati mawili si wa bahati mbaya.

Na tukumbuke mwaka wenyewe. Duka la Haughwout lilianza kazi katika nusu ya kwanza ya mwaka 1857. Mwezi Agosti mwaka huo huo shirika moja la fedha la Ohio lilianguka, mabenki yakafunga milango, na hofu ikaenea hadi Ulaya. Ilipofika Novemba, maelfu ya wafanyakazi wa New York waliokosa kazi walikusanyika katika uwanja wa Tompkins wakidai kazi na mkate, na askari wakawekwa kulinda hazina na forodha. Kutoka uwanja ule mpaka kwenye madirisha ya Haughwout, yaliyojaa vioo na fedha, ni mwendo wa miguu. Mtu mmoja aliyekuwa akiishi London kwa dhiki, akipata sehemu ya riziki yake kwa kuandikia gazeti la New York Daily Tribune, alizifuata habari za msukosuko huo siku kwa siku na kuziandikia, na usiku akawa anajaza madaftari ambayo yalikuja kuzaa kitabu chake kikuu cha mwaka 1867. Huyo ni Karl Marx. Yale aliyoyaeleza humo, jinsi bidhaa inavyojionyesha mbele ya watu kana kwamba ina uhai wake yenyewe na kuficha kazi iliyoizaa, yanaweza kusomwa kama maelezo ya dirisha la duka lile.

Fedha za mji huo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, maana wafanyabiashara wa New York ndio walioikopesha, waliyoisafirisha na waliyoiwekea bima. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Januari 1861 meya wa mji, Fernando Wood, alipendekeza hadharani New York nayo ijitenge, isije ikapoteza biashara ya pamba. Uzi wa pamba hiyo ulifika hata kwetu. Wazee wetu waliiita nguo ile merikani, kwa jina la nchi ilikotoka. Tangu mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Wamarekani, meli za Salem zilileta Zanzibar nguo zilizofumwa Massachusetts kwa pamba ya watumwa, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pembe zikaishia katika viwanda vya Connecticut, zikawa vitana, mipini ya visu na vibao vya piano kwa sebule zile zile zilizonunua taa Broadway. Hatusemi kwamba ndovu wa Unyamwezi alilipia bolti za Badger. Tunasema kwamba mteja aliyeingia dukani mwa Haughwout alikuwa amesimama juu ya mikono mingi kuliko alivyojua, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa imebeba mizigo kutoka bara hadi Bagamoyo.

Jengo hili husifiwa zaidi kwa jambo jingine. Tarehe 23 Machi 1857 fundi Elisha Otis aliweka humo lifti ya kupandisha watu, iliyoendeshwa kwa mvuke, ikienda karibu mita 12 kwa dakika. Vitabu vingi vya kibepari hulifanya tukio hili kuwa kuzaliwa kwa majumba marefu, na hulitaja jengo lenyewe kama mama yao. Hapa lazima tutenganishe chakula na moshi. Lifti ya kubeba mizigo ilikuwepo zamani. Alichokifanya Otis ni breki inayoing'ang'ania reli kamba ikikatika, na alikwisha kuionyesha mwaka 1854 katika maonyesho ya New York, alipopanda juu ya jukwaa na kuamuru kamba ikatwe. Duka la ghorofa tano halikuihitaji sana. Haughwout aliitaka kwa sababu watu wangekuja kuishangaa na wakishafika wangenunua. Mashine iliyokuja kubadili miji yote ya dunia iliingia humo kama kivutio cha wateja! Ubepari mara nyingi huikuza sayansi kwa namna hiyo, kwa mlango wa nyuma, na kwa sababu ambazo sayansi yenyewe ingeona aibu kuzitaja.

Tena si kweli kwamba jengo hili lina mifupa ya chuma kama majumba marefu yaliyofuata. Chuma chake ni cha nyuso mbili na nguzo za ndani; sehemu kubwa ya mzigo ilibaki juu ya kuta za matofali, kwa namna ya kale. Kiunzi cha chuma kinachobeba jengo zima kilikomaa Chicago katika miaka ya 1880, na kwa chuma kingine, pua, ambayo huvumilia kuvutwa na kupindwa. Chuma cha kusubu hakivumilii. Hukaa kimya miaka mia, halafu hukatika ghafla bila kuonya.

Udhaifu huo ulifichwa na watangazaji wa zama zile waliodai kwamba majengo ya chuma hayaungui. Jumba la maonyesho ambamo Otis alikatiwa kamba lilikuwa la chuma na vioo. Oktoba 1858 liliteketea kwa muda usiofikia nusu saa. Chuma hakiwaki, lakini kikiwa chekundu kwa joto kisha kikamwagiwa maji ya wazima moto, hupasuka. Na sakafu nyuma ya nyuso zile nzuri zilikuwa za mbao. Karne moja baadaye wazima moto wa New York waliuita mtaa ule Ekari Mia za Jehanamu. Wala chuma hicho hakijitunzi. Kisipopakwa rangi, maji huingia katika viungo na kutu hukila kutoka ndani. Wasomaji wetu wa Zanzibar wanayo Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma cha namna hii kuzunguka baraza zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Sababu za kila anguko huchunguzwa na wahandisi, lakini mwenye kufikiri kwamba jengo la kale hujisimamisha kwa heshima yake tu, naye ameambiwa.

Matajiri waliuhama mtaa wa Broome kabla karne haijaisha, wakifuata mitindo kwenda kaskazini mwa mji. Ghorofa zile zenye madirisha mapana zikajaa cherehani, maboksi, vitambaa na mashine ndogo. Mwaka 1963 mtaalamu wa mipango ya miji, Chester Rapkin, aliyetumwa na mji kuupima mtaa huo, alikuta viwanda vidogo vilivyo hai, vikiajiri maelfu ya watu, wengi wao Wapuerto Rico na Weusi, na wengi wakiwa wanawake, ambao wasingepata kazi nyingine kwa urahisi. Ushauri wake ulikuwa mtaa usibomolewe.

Ulikuwa umekwisha kuhukumiwa. Robert Moses, mtu aliyekuwa na mamlaka makubwa juu ya barabara za mji kuliko meya yeyote, alikuwa na mpango wa barabara kuu ya njia kumi kukata Manhattan ya kusini kupitia Broome. Karibu familia 2,000 na biashara 800 zingeondolewa, na jengo la Haughwout lingekuwa kifusi. Wakazi walipinga. Pamoja nao alikuwa mwandishi Jane Jacobs, ambaye mwaka 1968 alikamatwa katika mkutano wa hadhara juu ya barabara hiyo. Mwaka 1965 jengo letu lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya mji, na mwaka 1969 mpango wa barabara ulifutwa katika ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtetezi mwingine, Margot Gayle, alikuwa akigawa sumaku ndogo ili watu wapite wakijaribu kuta na kugundua zipi ni za chuma. Tunaipenda mbinu hiyo. Propaganda nzuri humpa mtu kitu cha kushika mkononi na kumwacha ajionee mwenyewe.

Ushindi ule ulikuwa wa kweli, na kada asiyeona thamani yake hajui mapambano ya mjini. Lakini tuangalie ni thamani gani iliyookolewa. Bogardus alikuwa amejenga mwaka 1849 maduka ya Laing, miongoni mwa majengo ya kwanza ya namna hii mjini humo. Mwaka 1971 nyuso zake zilifunguliwa bolti kwa bolti na vipande vikahifadhiwa uwanjani ili visimamishwe upya pengine. Mwaka 1974 wezi walivichukua sehemu kubwa wakaviuza kama vyuma chakavu, na miaka michache baadaye vilivyosalia navyo viliibwa. Watu walicheka na kusikitika. Sisi hatuoni kwamba wezi wale walikuwa wapumbavu kuliko soko lenyewe. Waliuza nguzo kwa uzito. Madalali wa Broome walikuwa wanajiandaa kuziuza kwa mtazamo.

Maana mwaka 1971 sheria ya mji iliruhusu wasanii kuishi katika ghorofa za mtaa ule, na mwaka 1973 mtaa mzima ukatangazwa eneo la kihistoria la chuma cha kusubu. Nyuso za chuma zikapakwa rangi, na kodi zikapanda. Cherehani ziliondoka, baadaye wasanii wengi nao wakaondolewa na kodi zile zile, na nafasi zao zikachukuliwa na maduka ya anasa, kama alivyotaka Haughwout tangu mwanzo. Ili kuishi humo kwa sheria ya mwaka 1971, mtu alitakiwa awe na cheti cha serikali ya mji kinachothibitisha kwamba yeye ni msanii. Mwanamke wa Puerto Rico aliyeshona kwa miaka mingi chini ya matao yale hakuwa na ofisi ya kumwandikia cheti chake.